Kikombe Alichoniletea Mama

Mama alikuwa na namna yake ya kubisha mlango usiku: mara mbili, kwa ukucha, polepole. Alikuja na kikombe cha bati kilichofunikwa kwa kisahani. Nikikifunua, mvuke unanipiga usoni, na utando wa maziwa umeshajikunja ukingoni. "Kunywa yangali moto, mwanangu. Yanapaka tumbo." Kisha anasimama palepale, mikono kaikunja kifuani, mpaka aone kikombe kimekauka.

Nilikuwa nimeshavuka miaka 30 na nimerudi kwa mama kuuguzwa. Tumbo lilikuwa limenitesa kwa mwaka wa tatu. Lilikuwa linajaa kama ngoma iliyowambwa, linaunguruma mpaka aliyekaa karibu nami anageuka, na asubuhi nyingine lilinikimbiza msalani mara tatu kabla sijavaa viatu. Kazini nilijifunza kukaa karibu na mlango. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na tumbo lililojaa gesi ni mzigo ambao hata wewe mwenyewe unaona haya kuutaja.

Kila niliyemweleza alikuwa na jibu moja: vidonda vya tumbo. Muuza dawa alisema hivyo, jamaa walisema hivyo, hata mhudumu wa zahanati niliyokwenda kwanza aliandika hivyo bila kunipima chochote. Kwa kuwa ni vidonda, nikaambiwa ninywe maziwa kwa wingi. Nikanywa. Asubuhi kikombe kabla ya kula kitu, jioni kingine, na usiku kile cha mama. Kadiri nilivyozidi kuumwa ndivyo nilivyozidi kunyweshwa.

Naandika haya kwa sababu najua siko peke yangu, na kwa sababu kuhusu maziwa ya ng'ombe watu wanazungumza kana kwamba wako mahakamani: huyu anayatetea kuwa ni chakula kamili, yule anayashitaki kuwa ni sumu. Mimi yaliniumiza kweli, na bado siwezi kuyaita sumu. Kilichoniponza ni kwamba tuliyafanya dawa, na dawa ya mapenzi hakuna anayeuliza kama inamfaa mgonjwa.

Nianze na hivyo vidonda. Ushauri wa maziwa haukutoka hewani. Mwaka 1915 daktari mmoja wa Chicago, Bertram Sippy, alichapisha utaratibu wake wa kutibu vidonda vya tumbo: mgonjwa anapewa maziwa na malai kidogo kidogo, kila saa, pamoja na poda za kupunguza asidi. Utaratibu huo ulienea na kutumika hospitalini kwa miongo mingi. Ukiwa na kidonda na ukanywa maziwa, utajisikia nafuu kweli, kwa sababu kwa muda mfupi yanaizimua asidi. Shida inakuja baadaye. Protini na kalsiamu iliyomo kwenye maziwa inaliamsha tumbo litoe asidi nyingine zaidi, jambo ambalo majaribio ya miaka ya 1970 yalilionyesha kwa watu wazima wenye vidonda na wasio navyo. Mwaka 1986 ikachapishwa taarifa ya wagonjwa wa vidonda waliopewa dawa ileile, wengine wakilishwa maziwa na wengine chakula cha kawaida. Waliokula chakula cha kawaida walipona haraka zaidi.

Na chanzo chenyewe cha vidonda kwa wengi ni bakteria anayeitwa Helicobacter pylori. Barry Marshall, daktari wa Australia, alipoona watu hawamwamini, mwaka 1984 aliwanywa bakteria hao yeye mwenyewe, na ndani ya siku chache tumbo lake likavimba kwa ndani. Yeye na mwenzake Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Chanzo kingine kikubwa ni dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni zikitumiwa mno. Bakteria wanatibiwa kwa antibayotiki na dawa ya kuzuia asidi. Kikombe cha maziwa hakiwafanyi lolote.

Hayo yote nilikuja kuyajua baadaye. Wakati ule nilikuwa nakunywa tu.

Aliyenitoa gizani ni daktari mmoja mwanamke, mtu mzima, aliyeniacha nizungumze mpaka nikamaliza. Kwanza alinipeleka kwenye kipimo cha kamera, ule mpira mwembamba unaopitishwa kooni. Tumbo likaonekana safi, kidonda hata kimoja hakuna, na bakteria hakuna. Kisha akauliza swali ambalo kwa miaka mitatu hakuna aliyeniuliza: "Nitajie kila unachokunywa tangu unapoamka." Nilipofika kwenye kikombe cha tatu cha maziwa akaweka kalamu chini.

Kipimo kilichofuata sikuwahi kukisikia. Nililala na njaa. Asubuhi nikapewa kwanza kifuko nipulize pumzi, halafu bilauri ya maji yaliyokorogwa unga mweupe mtamu kidogo. Ule unga ni laktosi, yaani sukari ya maziwa. Kila baada ya nusu saa muuguzi alirudi na kifuko kipya. "Puliza taratibu, dada, pumzi ya mwisho mwisho ndiyo ninayoitaka." Wanatafuta haidrojeni. Seli za mwili wa binadamu hazitengenezi gesi hiyo. Wanaoitengeneza ni bakteria wa utumbo mpana wanapopata sukari ambayo haikumeng'enywa. Gesi inaingia kwenye damu, inafika kwenye mapafu, inatoka na pumzi. Ikipanda kwa sehemu 20 au zaidi katika milioni juu ya kipimo cha kwanza, jibu limepatikana. Kufikia kifuko cha nne tumbo langu lilikuwa limeanza ngoma yake, na muuguzi alinionyesha msala ulipo kabla sijauliza.

Kinachotokea ni hiki, na nakieleza kwa kirefu kwa sababu kukielewa kuliniondolea aibu. Laktosi ni sukari mbili zilizofungwa pamoja, glukosi na galaktosi. Ikiwa imefungwa hivyo haiwezi kupenya ukuta wa utumbo, lazima ikatwe. Anayeikata ni kimeng'enya kiitwacho laktasi, kinachokaa juu kabisa ya vinyweleo vya utumbo mwembamba. Kila mtoto anazaliwa nacho, isipokuwa wachache mno, kwa sababu maziwa ya mama yana laktosi nyingi hata kuliko ya ng'ombe. Lakini kwa binadamu walio wengi, baada ya umri wa kunyonya, mwili unakipunguza kidogo kidogo. Laktosi isiyokatwa inateremka mpaka utumbo mpana huku ikivuta maji. Huko bakteria wanaipokea kwa furaha na kuichachua. Maji ndiyo yanayoharisha, gesi ndiyo inayojaza tumbo. Kwa kawaida ni kati ya nusu saa na saa mbili baada ya kunywa. Nilipohesabu, asubuhi zangu zote zilikaa ndani ya muda huo.

Kuna watu wananiambia, "Mimi nachemsha sana." Kuchemsha hakuondoi laktosi. Kuondoa malai pia hakuiondoi, maana laktosi imo kwenye maji ya maziwa. Haimo kwenye mafuta.

Sasa jambo lililonigusa zaidi. Takriban theluthi mbili ya watu wazima duniani wana laktasi iliyopungua. Theluthi mbili! Yaani mtu mzima anayemeng'enya maziwa mabichi au yaliyochemshwa bila shida ndiye wa pekee, na mimi niliyejiona mgonjwa niko upande wa walio wengi. Mwaka 2002 watafiti waliochunguza familia za Finland waligundua badiliko dogo la herufi moja kwenye vinasaba, karibu na jeni ya laktasi, linalofanya swichi ya kimeng'enya hicho isizimike utotoni. Mwaka 2007 timu ya Sarah Tishkoff ikatangaza matokeo ya uchunguzi wa watu 470 kutoka makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan. Walikuta watu wanaomeng'enya maziwa vizuri ukubwani, lakini herufi iliyobadilika kwao ni nyingine. Swichi ni ileile, ila imekwamishwa kwa mikono tofauti, mahali tofauti, katika jamii zilizoishi na mifugo kwa maelfu ya miaka.

Na watu hawakusubiri kubadilika ndipo wanywe. Mwaka 2022 watafiti waliopima mabaki ya mafuta kwenye vigae vya vyungu kutoka maeneo zaidi ya 500 ya kale huko Ulaya walionyesha kwamba watu walikuwa wakitumia maziwa maelfu ya miaka kabla ya badiliko hilo kuenea. Maelezo wanayoyapendekeza yananitia huzuni. Kwa mtu mwenye afya, kuharisha kidogo ni kero inayoisha. Kwa mtu aliyedhoofika kwa njaa au maradhi, kuharisha kunaua. Huenda ni katika miaka ya njaa na magonjwa ndipo wenye swichi iliyokwama walipobaki hai kuwazidi wenzao.

Nilimpelekea mama majibu. Nilidhani atafurahi kwamba sina kidonda. Alikaa kitandani kwangu, akakishika kile kikombe kikiwa kitupu, akauliza kwa sauti ndogo: "Kwa hiyo nilikuwa nakuumiza?"

Nilimjibu kwamba alikuwa ananitunza, na kwamba hakuna aliyetuambia. Lakini lile swali halijanitoka. Kwa kitabibu sikudhurika sana: kutomeng'enya laktosi hakuchubui utumbo wala hakuleti saratani, ni mateso yanayoisha ukiacha. Ila ni miaka mitatu ya maisha.

Mama mwenyewe anakunywa maziwa asubuhi na jioni na hajawahi kulalamika. Aliniuliza iweje mtoto wake asifanane naye. Badiliko lile linafanya kazi hata ukiwa na nakala moja tu. Mama anaweza kuwa na nakala moja iliyobadilika na moja ya zamani, na mtoto akachukua ile ya zamani kutoka kwake na nyingine ya zamani kutoka kwa baba. Baba alishatutoka, hivyo hatukuwa na wa kumuuliza. Nitarudi kwake.

Je, sinywi tena maziwa? Nakunywa. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wakiambiwa hawameng'enyi laktosi wanakimbia kila kitu chenye rangi nyeupe. Bilauri moja ina takriban gramu 12 za laktosi, na wengi wenye upungufu wa laktasi wanaweza kuvumilia kiasi hicho kwa mara moja, hasa wakinywa pamoja na chakula. Mwaka 1995 yalichapishwa majaribio ya watu 30 waliosema maziwa yanawatesa vibaya sana. Walipopimwa pumzi, 9 kati yao walikuwa wanameng'enya laktosi vizuri tu. Kisha wote wakapewa bilauri moja kila siku wakati wa kifungua kinywa, wiki moja maziwa ya kawaida na wiki nyingine yaliyokatwa laktosi, bila kujua yapi ni yapi. Dalili zilikuwa ndogo, na tofauti kati ya wiki hizo mbili haikuonekana. Mimi nilikuwa nakunywa vikombe vitatu vikubwa kwa siku, kimoja bila kitu tumboni. Hakuna aliyeniambia kwamba idadi na saa vina maana.

Mtindi unanikubali kabisa. Bakteria wanaougandisha wameshakula sehemu ya laktosi, na walio hai wanaingia tumboni na kimeng'enya chao wenyewe wanaendelea kunikatia iliyobaki. Jibini gumu lililokaa miezi lina laktosi kidogo mno. Kitu kingine: mtu akiugua tumbo la kuharisha kwa siku nyingi, kile kimeng'enya kinaweza kukwanguliwa juu ya utumbo kwa muda, akaanza kusumbuliwa na maziwa ambayo hayakuwahi kumsumbua. Utumbo ukipona, kinarudi. Kwa hiyo usijihukumu maisha kwa wiki mbili mbaya.

Naomba nisieleweke vibaya kuhusu mzio, kwa sababu hapa kuchanganya kunaweza kuua. Mzio wa maziwa ni jambo jingine kabisa. Kinga ya mwili inazishambulia protini za maziwa, kasini au beta-laktoglobulini, kana kwamba ni adui. Hutokea zaidi kwa watoto wachanga, na wengi wao huachana nao wakikua. Mtoto anatoka vipele, midomo inavimba, anatapika, anapumua kwa shida. Huyo hapewi "kidogo ili azoee", hapewi maziwa yasiyo na laktosi (protini imo vilevile), wala habadilishiwi ya mbuzi, kwa kuwa protini zake zinafanana mno na za ng'ombe. Anapelekwa hospitali.

Nikishataja watoto siwezi kupita bila kumsema mtoto wa dada yangu, anayeniita mama mdogo. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu, mnene, mashavu mazuri, kila mtu akimsifu. Chupa yake ya maziwa haikuachana naye. Akilia, chupa. Akikataa chakula, chupa. Kwa siku alikuwa anapitisha lita nzima na zaidi. Siku nilipokwenda kuwatembelea nilimkuta kasimama pembeni ya ukuta wa nje, analamba. Dada akasema ni tabia tu, tangu wiki kadhaa. Nilimchukua mikononi nikafungua kiganja chake. Mistari ya kiganja ilikuwa haina wekundu wowote, kama karatasi iliyokunjwa.

Hemoglobini yake, yaani kiwango cha damu, ilikuwa 6.8. Kiwango cha chini kinachokubalika kwa umri wake ni 10.5. Daktari aliuliza anakula nini, dada akajibu kwa fahari ya mzazi anayejitahidi, "Maziwa, daktari, hakosi maziwa." Nikaona uso wa dada ulivyobadilika alipoelezwa. Lita nzima ya maziwa ya ng'ombe haina hata miligramu 1 ya madini ya chuma, na mtoto wa umri ule anahitaji takriban miligramu 7 kwa siku. Tumbo likishajaa maziwa halina nafasi ya chakula chenye chuma. Kalsiamu na kasini nazo zinazuia hata ile chuma kidogo isifyonzwe vizuri. Na kwa wengine, hasa wachanga, maziwa ya ng'ombe yanafanya utumbo uvuje damu kidogo kidogo, isiyoonekana kwa macho kwenye choo. Kulamba ukuta na kula udongo ni dalili inayojulikana ya upungufu wa chuma.

Ndiyo maana madaktari wengi wa watoto hawataki maziwa ya ng'ombe yawe kinywaji kikuu cha mtoto kabla hajatimiza mwaka. Mbali na chuma, yana protini na chumvi nyingi kwa figo changa. Baada ya mwaka, kiasi kinachotajwa mara nyingi ni karibu nusu lita kwa siku, kisichozidi mililita 700, na chakula kitangulie. Mpwa wangu alipewa dawa ya chuma kwa miezi, chupa ikapunguzwa, akaacha ukuta. Leo anakimbia. Dada bado anafungua viganja vyake kila anapomwogesha.

Kuhusu mifupa, niliyoyasoma yalinivuruga kabla ya kunituliza. Kalsiamu imo, hilo halina ubishi: bilauri moja ina karibu miligramu 300, na mtu mzima anahitaji takriban 1,000 kwa siku. Lakini je, anayekunywa zaidi anavunjika kidogo zaidi? Mwaka 2014 watafiti wa Sweden walichapisha matokeo ya wanawake 61,433 na wanaume 45,339 waliofuatiliwa kwa miaka mingi. Wanawake waliokunywa bilauri tatu au zaidi kwa siku hawakuvunjika mifupa kidogo kuliko wenzao. Walivunjika nyonga zaidi, na vifo vyao vilikaribia maradufu ya wale wasiofikisha bilauri moja. Kwa waliotumia maziwa ya mgando na jibini, picha ilikuwa kinyume. Watafiti walishuku galaktosi, ile nusu ya sukari ya maziwa. Wao wenyewe walionya kwamba matokeo yachukuliwe kwa tahadhari, na nadhani walikuwa sahihi: ukiwatazama watu bila kuwapangia wanywe nini, hujui nani alianza kunywa maziwa kwa sababu mifupa yake tayari ilikuwa na shida.

Halafu mwaka 2021 Australia wakafanya lililo gumu zaidi. Walichukua nyumba 60 za kutunzia wazee, wenye wastani wa miaka 86, wakazigawa kwa kura. Nusu ziliendelea na mlo wao, nusu zikaongezewa maziwa, mtindi na jibini. Baada ya miaka miwili, walioongezewa walikuwa na mivunjiko pungufu kwa asilimia 33, na ya nyonga pungufu kwa asilimia 46. Hata kuanguka kulipungua. Hawa walikuwa wazee waliokuwa wakila kalsiamu na protini chini ya wanachohitaji. Mimi nasoma tafiti hizi mbili pamoja hivi: maziwa yanamsaidia anayepungukiwa, na kummiminia zaidi aliyetosheka hakumjengei mfupa wa ziada. Mama yangu ana miaka 71 na hula kidogo kama ndege. Sitamnyang'anya kikombe chake.

Saratani nitaipitia haraka kwa kuwa ni rahisi kumtisha mtu bure. Kwa saratani ya utumbo mpana, ushahidi unaelekea upande mzuri: uchunguzi wa wanawake 542,778 wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2025, ulionyesha kwamba kila miligramu 300 za ziada za kalsiamu kwa siku, yaani kama bilauri moja, ziliendana na hatari pungufu kwa asilimia 17. Kwa tezi dume kuna dalili za upande mbaya kwa watumiaji wakubwa wa maziwa, lakini ni hafifu. Mwanamume mwenye historia hiyo katika ukoo aongee na daktari wake. Chunusi nazo zimehusishwa na maziwa kwa baadhi ya vijana, na njia rahisi ni kuacha kwa wiki kadhaa uone ngozi inasemaje.

Kohozi? Watu wazima 60 waliambukizwa mafua kwa makusudi nchini Australia, makamasi yao yakapimwa, matokeo yakachapishwa mwaka 1990. Maziwa hayakuongeza kitu. Ule uzito unaousikia kooni ni maziwa yakichanganyika na mate.

Kuna jambo moja tu ambalo sina nafasi ya kulegeza: maziwa mabichi. Nasikia watu wakisema kuchemsha kunaua "uhai" wa maziwa. Kinachokufa ni bruselosisi, yenye homa zinazopanda na kushuka na maumivu ya viungo ya miezi. Ni kifua kikuu cha ng'ombe. Ni salmonela, na listeria inayoweza kumtoa mimba mjamzito, na ile aina ya E. koli inayosimamisha figo za mtoto. Mwezi Machi 2024 Marekani walitangaza kwamba homa ya mafua ya ndege imewaingia ng'ombe wa maziwa, na virusi vikapatikana kwa wingi kwenye maziwa yao. Paka waliokunywa mabichi kwenye mashamba yale walikufa. Kiwandani inatosha kuyafikisha nyuzi 72 kwa sekunde 15. Nyumbani, yaache yachemke kweli mpaka yapande. Vitamini chache zinapungua kidogo. Protini na kalsiamu zinabaki.

Na kama unameza antibayotiki za kundi la tetrasaiklini au siprofloksasini, vidonge vya chuma, au dawa ya tezi ya shingo, usivimeze kwa maziwa. Kalsiamu inaishika dawa tumboni nayo inapita bila kuingia mwilini. Tenganisha kwa saa kadhaa, na muulize mfamasia ni ngapi kwa dawa yako. Mgonjwa anayepewa kidonge na bilauri ya maziwa "ili kisimchome" anaweza kumaliza dozi nzima bila kupona.

Mwezi uliopita nilikuwa kwa mama tena. Jioni alichemsha maziwa, akamimina yake kwenye kile kikombe cha bati, akabakiza mengine kwenye jagi. Tulikuwa tunazungumza mambo mengine kabisa alipositisha, kikombe kikiwa kimefika nusu ya njia.

"Baba yako," akasema. "Kumbuka kikombe chake."

Nilikumbuka. Kila jioni mama aliwamiminia wote, na kila jioni baba alikisukuma cha kwake kwa kidole mpaka mbele yetu sisi watoto. Kunyweni, mimi nimeshiba. Tulikuwa tunagombania.

"Miaka yote nilisema yule mwanamume anawapenda watoto wake jamani."

"Alikuwa anatupenda, mama," nikamwambia. "Na tumbo lilikuwa linamuuma."

Alinyamaza kwa muda. Kisha akalivuta jagi karibu, akachota kijiko cha mtindi wa jana, akakoroga taratibu ndani ya maziwa yaliyobaki vuguvugu, akalifunika kwa kisahani na kulisogeza kwenye kona yenye joto, upande wangu.